Kifaru cha Mtumba: Kulipangia Taifa Dogo Njia Yake Ndani ya Gemu ya Vita

Maneno haya niliyasema mbele ya vijana wanaojifunza kutengeneza gemu. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nilichoondoa ni kukohoa kwangu, na zile dakika ambazo projekta iligoma tukabaki tunatazamana.

Wenzangu, hamjambo. Na nyie mliojibanza nyuma karibu na chai, hamjambo pia.

Kabla sijasema lolote, naomba mtazame picha hii. Msicheke kwanza. Hiki ni kifaru cha Ufini, kinaitwa BT-42. Sehemu ya chini yote, chesisi, injini na minyororo, ni ya BT-7, kifaru chepesi cha Kisovieti ambacho Wafini walikiteka vitani. Juu yake wamejenga chumba kirefu cha chuma, kimekaa kama kabati la nguo juu ya mkokoteni. Ndani ya kabati wameingiza mzinga wa Kiingereza wa milimita 114, muundo wa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Vilitengenezwa 18 tu. Leo kimebaki kimoja, kipo makumbusho ya vifaru ya Parola, hukohuko Ufini.

Sasa swali. Gemu yako ina ngazi kumi. Mchezaji anaanza ya kwanza na kifaru dhaifu, anapigana, anakusanya pointi, anafungua cha pili, cha tatu, mpaka cha kumi. BT-42 utaiweka ya ngapi?

Nimesikia "ya tano". Nimesikia "ya tatu". Kuna mmoja kasema "itupe". Wote mna hoja. Ukienda kwa mwaka, iliingia jeshini 1943, wakati Wajerumani wana Tiger na Panther. Ukienda kwa unene wa mzinga, milimita 114 ni kubwa kuliko zile 88 za Tiger. Ukienda kwa deraya, lile gamba lake la chuma, hata mizinga midogo ya 1939 inaitoboa kama kopo. Ukienda kwa kazi iliyofanya, Juni 1944 zilipelekwa kupigana kwenye mji wa Viipuri, na inasimuliwa kwamba moja iliipiga T-34 ya Warusi mara 18 na T-34 ikaendelea na shughuli zake. Mara 18!

Nilihangaika na kifaru hiki wiki tatu. Nilikihamisha kutoka ngazi hii kwenda ile kama mtu anayetafuta pa kuweka friji katika chumba cha kupanga. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba kasoro haikuwa ya kifaru. Ilikuwa ya ngazi.

Hizi ngazi tumezizoea tangu gemu ya vifaru ya World of Tanks ilipotoka mwaka 2010 na hesabu yake ya kumi. Si kitu kibaya, na hazikutoka hewani. Zimekopwa kwenye historia ya viwanda vikubwa. Mtazame Mjerumani: Panzer I ya katikati ya miaka ya 1930 ina bunduki mbili za rashasha, basi. Inafuata Panzer II yenye mzinga wa milimita 20, halafu III, halafu IV, halafu Tiger mwaka 1942, Panther mwaka 1943. Kila kifaru ni jibu la kiwanda kwa kile kilichowapata uwanjani jana. Mrusi vilevile: T-26, BT, kisha T-34 na KV, kisha IS. Mchezaji akipanda ngazi anapanda pamoja na kiwanda, na ndiyo maana anaridhika. Anahisi kukua, na kukua huko kulitokea kweli.

Lakini kiwanda hicho kinataka chuma, mafuta, reli, wahandisi na pesa isiyokwisha. Sherman za Marekani zilipita 49,000. T-34 zilipita 50,000. Sasa nenda Hungaria uhesabu Toldi, kifaru chao chepesi maarufu: ni kama 200, hapo umejumlisha aina zote. Zrínyi, mzinga wao wa kushambulia wa milimita 105, yaani kifaru kisicho na mnara wa kuzunguka, hazikufika mia. Taifa la namna hii ukilipa ngazi kumi zilezile za Mjerumani ni sawa na kumpa mtoto wa darasa la tatu suti ya baba yake, halafu umlaumu kwamba haijamkaa.

Tulianza na Hungaria. Tulikuwa watu wanne, gemu yenyewe ndogo, ya kompyuta, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupanga vifaru. Nikafanya anavyofanya kila mtu: nikavipanga kwa mwaka na kwa ukubwa wa mzinga, vikapanda juu vizuri kama matofali. Chini nikaweka vile vifaru vidogo vya Italia, vya Ansaldo, ambavyo Hungaria ilivinunua miaka ya 1930. Juu yake Toldi. Juu yake Turán, kisha Turán ya pili yenye mzinga mfupi wa milimita 75. Juu kabisa nikaweka Tas, kifaru walichokuwa wanakijenga kwenye kiwanda cha Manfréd Weiss kule Csepel, Budapest, mpaka ndege za Marekani zilipokilipua kiwanda Julai 1944. Tas haikuwahi kupigana hata siku moja. Kwangu ikawa mfalme.

Wachezaji wetu wa majaribio walifika kwenye Toldi wakaanza kuondoka. Toldi ya kwanza ina mzinga wa milimita 20, kwa kweli ni bunduki kubwa ya Solothurn ya kutobolea vifaru iliyofungwa kwenye kifaru. Inapiga, inadunda. Inapiga, inadunda. Mmoja akatuandikia: "Hii si vita, hii ni kubisha hodi." Mimi, kwa ujinga wangu, nikaenda kwenye jedwali nikaongeza nguvu ya risasi. Nikaongeza tena. Mwisho Toldi ikawa inatoboa T-34 kwa mbele, na mchezaji mwingine, huyu anaijua historia kuliko mimi, akaandika sentensi moja tu: "Kifaru chenu kinasema uongo."

Niliona aibu. Naomba mlikumbuke neno hilo siku mtakapokaa mbele ya jedwali lenu usiku, kidole kiko juu ya namba.

Tukarudi kusoma, safari hii bila kuangalia unene wa deraya. Tuliuliza jambo ambalo tulipaswa kuliuliza tangu mwanzo: hivi vifaru wamevipataje?

Hapo kila kitu kikafunguka. Mkataba wa Trianon wa 1920, ule wa amani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, uliikataza Hungaria kuwa na vifaru kabisa. Walipoanza kujitafutia upya hawakuwa na mbegu. Wakaenda Italia wakanunua. Wakaenda Uswidi, kwenye kampuni ya Landsverk, wakachukua leseni ya kifaru L-60; hiyo ndiyo Toldi. Wakachukua leseni nyingine hapohapo Landsverk. Hiyo ndiyo Nimród, yenye mzinga wa Bofors wa milimita 40 wa kutungulia ndege. Wakaenda kwa Škoda, Chekoslovakia, wakachukua muundo wa kifaru cha kati, wakaurekebisha. Hiyo ndiyo Turán. Vita vilipowazidi, Mjerumani akawapa Panzer IV, na baadaye Tiger na Panther za kuhesabika.

Kwa hiyo nilichokiona kuwa shina moja linalopanda juu hakikuwa shina. Taifa kubwa ni mnazi: mguu mmoja, unakwea mpaka juu. Taifa dogo ni mkoko. Mizizi yake imesimama nje, kila mmoja umetokea upande wake, na ukitaka kujua mti unasimamaje inabidi uitazame mizizi.

Tukaubomoa mti wetu. Badala ya ngazi tukaweka milango mitatu: soko, leseni na ngawira.

Mlango wa soko ni rahisi, sitaukalia. Una fedha, unanunua. Lakini muuzaji naye ana siasa zake. Ufini iliagiza Uingereza vifaru vya Vickers vya tani sita, thelathini na kitu, na ili kubana matumizi wakaviagiza bila mizinga. Eti mizinga tutafunga wenyewe nyumbani. Tarehe 30 Novemba 1939 Warusi wakaingia, na kazi ya kufunga mizinga ilikuwa haijaisha. Kwa hiyo ndani ya gemu yetu ukinunua Vickers unapewa chuma kitupu, na mzinga wa Bofors wa milimita 37 unautafuta kivyake. Wachezaji walilalamika sana. Sikubadilisha.

Mlango wa leseni una utamu wake, kwa sababu unaleta undugu. Vickers ya tani sita ilizaa watoto pande zote. Polandi ilizaa 7TP, ikaipa injini ya dizeli. Muungano wa Kisovieti ukazaa T-26, ukatengeneza zaidi ya 10,000. Sasa fikirini Februari 26, 1940, mahali panaitwa Honkaniemi. Kombania ya nne ya vifaru ya Ufini ilikuwa na Vickers 13. Zilizoweza kuingia kwenye shambulio ni sita. Mbele yao wakakuta T-26. Watoto wa baba mmoja, wanafanana sura, wanapigana kwenye theluji. Shambulio lilishindwa na Vickers nyingi zikaishia palepale.

Undugu huo tuliufanya uwe kanuni ya gemu. Ukiwa na kifaru cha ukoo fulani, fundi wako anajua vyuma vya ukoo ule. Ukipata ndugu yake, unamtengeneza kwa nusu ya muda. Na hili hatukulibuni. Baada ya Vita vya Majira ya Baridi, vile vya 1939 hadi 1940 kati ya Ufini na Warusi, Wafini walizing'oa zile Bofors kwenye Vickers zao wakafunga mizinga ya milimita 45 waliyoiteka kwa Warusi. Wakaiita T-26E, na ile E ni ya neno lao la "Kiingereza". Kifaru cha Kiingereza kimepewa jina la Kirusi kwa sababu kimevaa mzinga wa Kirusi! Jina kama hilo ukiliweka mbele ya mchezaji, hahitaji umwandikie ukurasa wa maelezo.

Leseni pia ina machungu yake. Uswidi iliagiza vifaru 90 kwa kampuni ya ČKD kule Prague. Wajerumani, ambao wakati huo walishaikalia nchi, wakavichukua vifaru vyote wakavitumia wenyewe. Ni kama umelipia kanzu ya sikukuu, ukifika kwa fundi unakuta jirani ameshaivaa. Waswidi wakaishia kupewa leseni, wakavitengeneza nyumbani kwa Scania-Vabis, vikaitwa Strv m/41. Kwenye gemu hiyo ni kadi: oda yako imezuiwa, unataka kungoja au unataka michoro? Wengi wanachagua kungoja. Wanakosea.

Na mlango wa tatu, ngawira. Hapa naomba mniruhusu nikae kidogo, maana ndipo nilipopapenda.

Katika gemu nyingi kifaru cha kutekwa ni pambo. Unalipa pesa halisi, unapewa T-34 iliyopakwa alama za Kijerumani, mwisho wa habari. Kwa Mjerumani sawa, kwake ngawira ilikuwa nyongeza. Kwa Mfini ngawira ndiyo iliyokuwa jeshi. T-26, BT, T-28, baadaye T-34, hata KV-1 mbili. Waromania walikwenda mbali zaidi: walichukua chesisi za T-60 walizoziteka, wakafunga juu yake mizinga ya Kirusi ya milimita 76.2 waliyoiteka vilevile, wakapata TACAM T-60, 34 kwa jumla. Ngawira imepanda juu ya ngawira.

Sasa huwezi kuuza kitu kama hicho kwa pointi. Pointi zinasema: ulifanya kazi, chukua mshahara. Ngawira haisemi hivyo. Ngawira inasema: ulikuwepo palepale, kifaru cha adui kikakwama kwenye tope, wenyewe wakakimbia, na wewe ulikuwa na trekta. Kwa hiyo tukafanya hivi. Ukikiharibu kifaru cha adui bila kukiteketeza, na upande wako ukalishika eneo lile mpaka mechi iishe, mzoga unakuwa wako. Mzoga mmoja hautembei. Wa pili unaupa injini. Wa tatu unakupa minyororo. Mchezaji wa Mjerumani anapiga ili kiwake moto. Wetu akaanza kupiga minyororo. Akaanza kuwaambia wenzake kwenye maikrofoni, "Msikichome! Msikichome!" Usiku ule niliposikia hivyo kwa mara ya kwanza niliinuka nikazunguka chumba. Hakuna mahali tulipomwandikia afanye vile. Umaskini wa taifa lake ulimfundisha.

Kulikuwa na ugomvi lakini, na siufichi. Ufini ilikuwa na KV-1 mbili. Mbili! Sisi tukiwa na wachezaji mia tano upande wa Ufini, wote wakapata KV-1, tumerudi kwenye uongo uleule wa Toldi, ila safari hii ni uongo wa idadi. Tulijaribu kuweka kikomo: KV moja kwa kila timu kwa kila mechi, na ikiumia inakaa gereji siku mbili halisi. Watu wakakasirika, wengine wakaacha. Mwenzetu mmoja anayeshika hesabu alisema tulegeze, na tulilegeza: siku mbili zikawa saa sita. Nadhani alikuwa sahihi kwa upande wa kula yetu, na mimi nilikuwa sahihi kwa upande mwingine. Hatujamaliza kubishana.

Hapo ndipo biashara inapoingia, na sitaki mtoke hapa mkidhani waliopanga gemu kubwa ni wajinga. Wana tatizo la kweli. Mashine inayopanga mechi inatafuta watu wa ngazi moja iwakutanishe. Taifa likiishia ngazi ya sita, mchezaji wake akifika hapo anakwenda wapi? Anaondoka na pochi yake. Kwa hiyo wanalazimika kujaza juu, na chuma cha kweli kikiisha wanahamia kwenye karatasi: michoro, barua za ofisini, pendekezo la mhandisi mmoja ambalo jeshi lililitia kwenye droo. Polandi haikuwahi kuunda kifaru kizito cha vita, lakini kileleni mwa ngazi zake kwenye World of Tanks kimekaa kifaru kizito, 60TP Lewandowskiego. Uswidi ilikuwa na bahati, ilikuwa na Strv 103 ya kweli kabisa, kile kifaru cha ajabu kisicho na mnara, kilichoingia jeshini miaka ya 1960. Wengi hawana bahati hiyo.

War Thunder, gemu nyingine kubwa ya vita, wakapita njia nyingine: kumweka mdogo nyumbani kwa mkubwa. Ufini iko ndani ya mti wa Uswidi, Hungaria ndani ya mti wa Italia, Afrika Kusini ndani ya mti wa Uingereza. Ni akili nzuri, inaokoa kazi na inampa mdogo mahali pa kulala. Ila mniambie, Hungaria kwa Italia? Toldi ni ya Uswidi, Turán ni ya Chekoslovakia, Italia ilimpa vile vifaru vidogo vya mwanzo na si mengi zaidi. Mtoto kapewa shati moja na mjomba, basi mnasema ahamie kwa mjomba?

Sisi jibu letu lilikuwa kumwachia mti wake uishie pale ulipoishia, na upana uchukue nafasi ya urefu. Nitawaonesha kwa mfano mmoja.

Ufini ilinunua kwa Ujerumani mizinga ya kushambulia ya StuG: 30 mwaka 1943, na 29 zaidi mwaka 1944. Wenyewe waliiita Sturmi. Kwenye gemu ya kawaida StuG ni hatua ya kupita, unapanda juu yake uende kwingine. Kwa Mfini hakuna kwingine. Ndiyo hiyo hiyo. Basi akafanyaje? Akaishughulikia. Picha hii ya pili, tazameni ubavuni. Yale ni magogo ya miti. Amefunga magogo ubavuni. Mbele kule, ile iliyovimba, ni zege. Amemwaga zege juu ya deraya. Bunduki ya rashasha ya Kijerumani ameitoa, ameweka ya Kirusi ya DT kwa sababu risasi zake anazo tele za kuteka. Halafu wakayapa majina ya wasichana, yameandikwa kwa rangi mbele: kuna moja inaitwa Marjatta. Kama daladala. Kwa hesabu za Wafini wenyewe, zile 30 za mwanzo ziliangamiza vifaru 87 vya adui katika kiangazi cha 1944.

Kwetu hicho kifaru kimoja kina hatua kumi na nne. Gogo la kwanza ni hatua. Zege ni hatua, na linakuongezea uzito mpaka injini inalia, unaisikia. DT ni hatua, na huipati mpaka uwe umeteka. Jina ni hatua ya mwisho: unaruhusiwa kuliandika baada ya mechi hamsini bila kupoteza wafanyakazi wako wote. Mchezaji hafungui kifaru kipya kwa miezi miwili na haondoki, kwa sababu kila anapoingia Sturmi yake haifanani na ya mwenzake. Na akitaka kwenda mbele kweli, historia ya Ufini inaendelea: miaka ya 1950 jeshi lake lilinunua Comet na Charioteer kwa Waingereza, na T-54 kwa Muungano wa Kisovieti, wote wakalala gereji moja. Sihitaji karatasi.

Na ile Toldi? Tulizirudisha namba zake pale zilipokuwa. Tulichobadilisha ni kazi. Toldi ilikuwa kifaru cha upelelezi, haikuundwa kuitoboa T-34, kwa hiyo sasa inalipwa kwa kuona: ukimwona adui na mwenzako akampiga, pointi zako. Nimród hivyohivyo, deraya yake nyembamba na juu iko wazi, ukiipeleka mbele umekufa. Inalipwa kwa kila ndege inayokimbia kabla ya kudondosha bomu. Yule aliyesema kifaru chetu kinasema uongo bado anacheza. Bado ana maneno makali, lakini anacheza.

Jambo moja dogo kabla ya maswali, litawakuta. Vifaru vya Ufini vya 1941 mpaka 1945 vilikuwa na alama ya hakaristi, ile inayofanana na ya Wanazi. Ufini ilianza kuitumia mwaka 1918, kabla chama cha Nazi hakijakuwepo, kwenye ndege yao ya kwanza ya kijeshi. Historia ni safi, lakini mchezaji anayepita hajui, na zipo nchi ambazo sheria haitaki maelezo marefu. Tuliweka duara la bluu na nyeupe walilolichukua mwaka 1945. Ni kosa la tarehe, nalijua, na nimelibeba.

Sasa dada pale mbele ameuliza: na sisi huku je, kuna mti wetu? Swali zuri, na naomba nisilijibu kwa mapenzi. Vifaru havikutengenezwa Kenya wala Tanganyika. Wanajeshi wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walikuwa askari wa miguu. Lakini kuna gari moja lililopita hapa. Afrika Kusini ilichukua chesisi za malori ya Ford, ikaagiza Marekani vifaa vya kulifanya lori livute kwa magurudumu yote manne, kwa kampuni ya Marmon-Herrington, ikalivisha deraya iliyokatwa kwao. Yakapatikana magari 5,746. Yale ya mwanzo yalikuwa na bunduki, basi, hakuna mzinga. Yalipanda kupitia kaskazini ya Kenya kuingia kwenye vita na Waitalia, na Addis Ababa ikatekwa Aprili 6, 1941. Na yalipohamia jangwa la Libya, madereva wakafanya nini? Wakawa wanaokota mizinga ya Breda ya Waitalia na ile ya Wajerumani ya milimita 37, wanang'oa mnara wa gari, wanaifunga pale juu wazi. Dada, ukiniuliza ningeanza na gari hilo, na nisingeweka ngazi hata moja. Ningekupa gari tupu, jangwa, na spana.

Ndiyo, naona mkono. "BT-42 umeiweka ngazi ya ngapi?" Sawa, nilijua hamtaniachia.

Haina ngazi. Ipo gereji, nyuma ya mlango wa ngawira, na inatokea ukiwa na mizoga mitatu ya BT-7 na mzinga wa 114 ambao hauna pa kuufunga. Unabonyeza, fundi anafanya kazi siku moja, kabati linatoka. Kombora lake linakwenda taratibu mno, utaliona kwa macho likipaa. Ukipiga nyumba ya adui, inaanguka. Ukipiga T-34, bahati yako. Mchezaji mmoja wa Ufini, wa Ufini kweli, huiingiza kila Jumamosi jioni. Mara ya mwisho nilipoangalia alikuwa ameipiga T-34 moja mara 11, na alikuwa anahesabu kwa sauti.